Papa, Nimewaambia Jina la Ugonjwa Wako

Papa,

Kule bureau ninakofanya kazi kila barua inaanza na maneno "Nina heshima ya kukujulisha". Nilipokuandikia kutoka Beni kuomba koti lako la zamani, mkono ulishazoea, nikaanza hivyo hivyo. Ukanipigia simu ukicheka: "Muhindo, miye niko baba yako, siko gavana." Leo nimejaribu kuanza kwa namna nyingine na nimeshindwa. Karatasi nilizokunja ziko chini ya meza. Nina heshima ya kukujulisha kwamba umekufa. Ndiyo habari yenyewe. Naiandika, naiangalia, na bado nashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa kofi.

Mama yuko. Najua ndilo swali lako la kwanza. Akisema, anapumzika katikati ya maneno, lakini anapumua. Asubuhi ameomba chai, akalalamika kwamba haina sukari ya kutosha, na mimi nikatoka nje nikalia kwa furaha.

Nataka nikueleze yote tangu siku tulipokupandisha kwenye pikipiki kukupeleka hospitali, wewe katikati, mimi nyuma nikikushika ili usianguke. Uliondoka nyumbani ukidhani ni vumbi tu la barabara ya Alimbongo limekuingia kifuani. Sipendi mtu afe bila kujua alichokufa nacho. Labda ni tabia ya makarani.

Ulisema, unakumbuka: "Hii haiko ile. Ile naijua."

Na kweli uliijua. Wakati wa Ebola ulikuwa mkubwa wa nyumba kumi kwenye avenue yetu hapa Butembo. Ulipita mlango kwa mlango na ndoo yako yenye robine, kile kibomba cha chini, na maji ya klorini, ukifundisha watu wasipeane mikono, wasiguse maiti, wasifiche mgonjwa. Walikurushia mawe. Walisema umenunuliwa na riposte, wale watu waliokuja na magari yao marefu kupambana na ugonjwa. Siku moja ulirudi na bega limevimba. Mama akakuambia, "Uache batu bakufe kama banataka." Ulinawa mikono kwenye ndoo yako, ukaketi, ukamjibu, "Batu benyewe njo jirani zangu." Nilikuwa bado mwanafunzi. Niliogopa hata kula.

Wewe nawe hukuwapenda wale wa magari, kama sisi tusivyowapenda. Uliuliza maswali yale yale ya kila mtu: mbona watu wetu wanachinjwa mashambani upande wa Beni miaka yote hii na hakuna gari hata moja lililokuja kwa mwendo ule? Na uchaguzi ulipofika, tukaambiwa sisi wa Beni na Butembo tungoje kwa sababu ya Ebola, wakati soko limejaa, makanisa yamejaa, shule zimejaa. Ukasema, "Wanasema kura yetu njo iko na Ebola." Lakini asubuhi yake ulichukua ndoo ukatoka tena. Sikukuelewa wakati ule. Mtu anawezaje kuikasirikia serikali hivyo na bado afundishe watu kunawa mikono? Niliona ni lazima uchague moja. Wewe hukuona hivyo. Ulisema ugonjwa haukupiga kura.

Corona ilipokuja tulikuwa tumechoka, Papa. Sasa naona tulikuwa tumechoka na pia tulikuwa na kiburi kidogo. Tuliona wazungu kwenye televisheni wanafundishwa kunawa mikono, tukacheka. Sisi tulikuwa wakubwa wa kazi hiyo! Ndoo zilikuwa bado mlangoni. Kila kizuizi cha barabarani kilikuwa bado na kile kipimo cha joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mtu akikohoa kwenye pikipiki, dereva anapandisha kola na kuendelea. Kukohoa hakukutisha mtu. Kilichotutisha ni damu, kutapika, macho mekundu. Tulikuwa tumejifunza vizuri sana, na tulichojifunza kilikuwa cha ugonjwa mwingine.

Serikali nayo ilitusaidia kutoamini. Kanisa linafungwa, soko liko wazi. Polisi anakusimamisha kwa sababu huna cache-nez, ile barakoa, na yake mwenyewe imeshuka kidevuni, na ukimpa kitu unapita hivyo hivyo bila cache-nez. Mimi kule Beni nilipiga chapa matangazo. Tangazo la kukataza matanga, mwili utoke hospitali uende moja kwa moja makaburini, nililipiga mwenyewe, nikalisoma mara mbili kwa sababu ya nukta, nikalibandika ukutani. Na wiki hiyo hiyo mkubwa mmoja alimzika mama yake kwa mahema na fanfare ya tarumbeta, watu wakapita mbele ya tangazo langu wakilisoma kwa sauti na kucheka. Ninaishi chumba cha kupanga kule Beni, mtaa wa Mulekera, nina kazi ambayo wengine kumi wanaitaka. Nilijiambia si kazi yangu kusema, kazi yangu ni kuandika.

Mama aliponipigia simu kwamba unakohoa na huwezi kupanda kilima cha kwenda kanisani, nilikuja. Unajua ninavyoiogopa barabara ile ya Beni na Butembo. Nilikuja nimefumba macho karibu njia yote. Nilikukuta wewe na Mama mko chini ya blanketi moja mnajifukiza, sufuria la majani ya mikaratusi katikati yenu, mnapumua mvuke mmoja, mnatoa vichwa mnacheka kwa jasho. Ulinionyesha kile kipimo ulichobaki nacho tangu wakati wa Ebola. "Angalia. Hakuna homa." Ulikuwa umejipima kila asubuhi. Ulikuwa umenawa mikono hadi ngozi imepasuka. Na Jumapili ya kabla ya kuugua, makanisa yamefunguliwa tena, ulikuwa umeimba sauti nzito ya bas na wenzako wa kwaya, mabega yakigusana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua.

Hukukosea kwa ujinga, Papa. Nataka ulijue hilo. Ulifanya kila kitu ulichofundishwa.

Hospitalini walikuchukua kipimo puani, wakasema majibu yatachelewa. Walikuwekea oksijeni. Jioni ulinishika mkono, wewe uliyetukataza kushikana mikono, na sikujua kwamba hiyo ndiyo kuaga. Asubuhi walitukabidhi sanduku lililopigwa misumari na wakasema lisifunguliwe.

Dada yako alifika kutoka Vuhovi na kundi la jamaa. Unamjua Shangazi Kahindo. Aliligonga sanduku kwa vidole kama anayenunua mtungi. "Nani aliona uso yake? Weye uliona?" Nikamwambia niliona. "Uliona akiwa muzima. Mufu nani aliona?" Tulikuzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, kama ulivyotaka, wazishi wamevaa glovu, hakuna aliyegusa kitu bila kunawa. Kisha watu wote wakaingia ndani kwa matanga. Nilijaribu. Nilimwambia Shangazi kuna tangazo. Akaniuliza, "Hiyo tangazo uliandikia wapi?" Beni, nikasema. "Basi iko ya Beni. Huku iko Butembo."

Ungefurahi kuona, na hilo ndilo linalonishtua hadi leo. Kila aliyeingia alinawa. Walisalimiana kwa viwiko. Hakuna aliyelia juu ya kifua cha mwenzake. Halafu, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na baridi ya Butembo unaijua, walifunga mlango na madirisha, wakaweka mbabula, jiko la mkaa, katikati, wakakaa goti kwa goti wakaimba. Siku tatu. Mama alikaa kwenye mkeka katikati yao.

Siku ya tatu mchana nilikuwa nje natafuta kuni kavu. Simu ikalia. Alikuwa mtu wa maabara, sauti ya upole, aliniita "mon frère". Alisema majibu yako yametoka. Alitaja jina la ugonjwa. Alisema wote waliokaa nawe chumba kimoja wajitenge. Nikaugeukia ukuta wa nyumba yetu nikasikia wanaimba ndani, na chini ya wimbo nikasikia Mama anakohoa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile ndoo mlangoni, ile mikono safi, vile viwiko, na ugonjwa huu ulikuwa unapita kwenye pumzi. Nilisimama kwenye matope na kuni zangu.

Wimbo ukakatika. Nilidhani ni kwa ajili ya Mama. Kumbe Shangazi alikuwa amesimama.

Nilipoingia alikuwa anamwonyesha kidole Paluku jirani yako, mliyewahi kugombana naye juu ya mpaka wa shamba, aliyekaa kwenye kona na kofia mapajani. "Ndugu yangu alikula kwa nani mbele ya kugonjwa? Kwa huyu! Alikula ugali na sombe kwa huyu, na bote munajua habari ya mupaka ya migomba." Akalisema lile neno: karuho. Sumu. Papa, unajua neno hilo likisemwa kwenye matanga linachofanya. Chumba kizima kilimgeukia Paluku. Dirishani vijana wa avenue walikuwa wamejaa, na mmoja wao alikuwa na bidon mkononi. Sikujua kama ni maji au petroli. Hakuna anayekuja kwenye matanga na bidon ya maji.

Paluku alisema tu, "Tulikula sahani moja. Miye mbona niko hapa?" "Mulozi hakufi na dawa yake," mtu akajibu, na watu wakaguna kukubali.

Nilijua maneno mawili yangemwokoa. Nilijua pia yangetufanya nini sisi. Si uliwasikia mwenyewe wakisema kwamba familia inayokubali kuandikwa corona imelipwa, imeuza maiti yake? Wewe walikuita muuzaji ukiwa mzima na ndoo mkononi. Mimi wangeniita muuzaji wa baba. Nilitazama mlango. Nakuambia ukweli, niliutazama mlango kwa muda.

Halafu nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, na kwa hofu mdomo ulichukua njia unayoijua. Nilisema, "Nina heshima ya kuwajulisha."

Kuna aliyecheka. Sikumlaumu. Niliendelea: Papa hakulishwa kitu. Hospitali imepiga simu sasa hivi. Papa amekufa na corona. Mama anakohoa. Tokeni nje wote, tafadhali, na mkae mbali na wenzenu.

Kisha kutoka nyuma: "Balikulipa ngapi?"

Na mwingine: "Karani ameuzisha baba yake!"

Shangazi hakupiga kelele. Hilo liliniumiza zaidi. Alikuja karibu, akasema polepole kwa sauti ya kunibembeleza, "Mutoto yangu, rudisha hiyo neno. Sema ulisikia mubaya kwa simu. Tutasahau." Nilimwambia, "Shangazi, nilisikia vizuri." Akavuta kitenge chake mabegani na kutoka.

Wakatoka wote. Na unajua walifanya nini mlangoni? Walinawa mikono. Walipanga mstari, mmoja kwenye mgongo wa mwenzake, wakinitukana, wakingoja zamu kwenye ndoo yako. Yule kijana wa bidon alitazama huku na huku, akaona hakuna tena wa kuchomewa nyumba, akaondoka. Paluku alibaki wa mwisho. Hakunishukuru. Alivaa kofia akaenda zake.

Baadaye ulikuja wakati ambao sitaki kuuandika kwa urefu. Mama alilala na mimi nikafungua madirisha yote, nikamfunika na kila nguo iliyokuwa ndani, likiwemo lile koti lako ulilonipa. Nilikohoa kidogo mimi pia, nikanyamaza nisimtie hofu. Kwenye robine ya maji wanawake walichukua madumu yao wakasogea nilipofika. Mchungaji alituombea kwa simu. Kule bureau waliniambia nisirudi hadi nitakapoitwa, kwa heshima zote. Shangazi alirudi Vuhovi bila kumuaga Mama.

Nimefikiri sana kwenye nyumba hii, na sina wa kumwambia ila wewe. Nilidhani watu wetu wanaogopa ugonjwa. Hapana. Ugonjwa wanaukalia goti kwa goti na kuuimbia. Wanachoogopa ni jina lake, kwa sababu kila jina lililoletwa kwetu lilikuja na wenye magari na wenye bunduki na wenye kutuambia tungoje. Siwezi kusema hawana haki ya kushuku. Mtu aliyedanganywa juu ya kura yake, juu ya barabara yake, juu ya watoto wake waliouawa shambani, utamwambiaje aamini simu niliyopigiwa nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba? Mimi mwenyewe, kama ningekuwa dirishani, ningeuliza umelipwa kiasi gani. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko polisi na kuliko mawe: kwamba wametufikisha mahali ambapo baba anakufa na neno la kweli linasikika kama biashara. Na bado nakasirika. Nawakasirikia wao, na nawakasirikia wakubwa, na ningependa mtu anionyeshe ulikuwa unafanyaje ukabeba hasira mbili na ndoo moja.

Paluku alikuja kwenye ua siku moja, akasimama upande wake wa mpaka. Anauza makala, mkaa wa kupikia, unajua. "Muhindo," akaniita, "ulinitoa kwa mawe, ukaniingiza kwa njaa. Hakuna mutu ananunua kwangu. Banasema makala yangu iko na corona." Nilimwambia moto unaua microbe, wale wadudu wa ugonjwa. Akanitazama sana. "Basi njoo ukae kwa mulango yangu na ubaelezee, maana miye sikusoma." Akaenda. Kesho yake niliamka nikakuta gunia la makala limeegeshwa kwenye ua, upande wetu.

Na jana, Papa, tulimaliza matanga yako. Nilituma habari kwa jamaa wote kwamba tutakaa nje, kwenye kiwanja, kila mtu mbali na mwenzake, na cache-nez. Nilidhani hatakuja mtu. Walikuja wachache. Wanakwaya wako watatu. Paluku, na kofia ile ile. Na tukiwa tumeanza kuomba, Shangazi Kahindo akashuka kwenye pikipiki kutoka Vuhovi na kuku chini ya kwapa, cache-nez imepanda hadi machoni.

Kigoda kilichobaki kilikuwa karibu na Paluku. Alikitazama, akamtazama Paluku. "Weye, sogea kule. Utaniambukiza."

Paluku akainuka na kigoda chake kwa heshima kubwa. "Mama Kahindo, juzi nilikuwa mulozi, leo niko microbe. Bamenipandisha grade!"

Kwanza hakuna aliyethubutu. Kisha sauti moja ikacheka, nikageuka, alikuwa Mama. Alicheka kutoka tumboni, kama alivyokuwa akicheka hadithi zako za barabarani, na wanakwaya wakafuata, na Shangazi mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Mpaka kicheko cha Mama kikageuka kikohozi.

Kuku tu ndiye aliyekuwa akisikika. Mama alikuwa ameinama, mkono mmoja kifuani, na hakuna aliyejua kama amkimbilie au akae. Kisha akainua ule mkono mwingine, akautikisa kama anayefukuza nzi, na akasema kwa kukatakata, "Muendelee. Muendelee kuomba. Niko."

Baada ya maombi Shangazi alinikabidhi kuku kwa mkono ulionyooka kabisa ili tusisogeleane. Alisema, "Nilifikiri uko mutoto mubaya. Kumbe uko mutoto wa baba yako, njo mubaya zaidi." Hakutabasamu, au kama alitabasamu sikuona. Lakini alikubali chai, akaenda kuinywa kwenye mpaka, akamuuliza Paluku bei ya gunia.

Bureau wameniita. Kesho nashika barabara ya Beni, na nitafumba macho tena, sitakudanganya. Pale Mulekera nilipopanga, nyumba zimebanana na kuna mtu anakohoa nyuma ya kila ukuta, na wote wana ndoo mlangoni. Sina ujasiri wako. Lakini nakuahidi, Papa: nitagonga kwa jirani wa kwanza, na wa pili, nitasimama nje ya mlango, niwaombe wafungue madirisha, na watakaponiuliza nimejuaje nitawaambia jina lako na jina la kilichokuua. Wakiniuliza nimelipwa kiasi gani, nitawaonyesha picha yako na kwaya.

Pumzika. Mama anasema nikuambie chai ya jioni hii ilikuwa na sukari.

Mwanao,
Muhindo